Mbolezi ya Diamando

Mtu akiniambia tena kwamba ile ni katuni tu ya watoto, tutakosana vibaya. Mimi ndiye niliyemtilia Demetra sauti ya Kigiriki. Demetra mwenyewe, yule mungu wa kike wa mavuno wa zamani zetu, wamemgeuza mama kichekesho, anacheza dansi na vitunguu huku binti yake Persefoni amebebwa kuzimu. Hilo nililimeza. Wageni ndio walioitengeneza, sisi Athene tunapachika maneno yetu tu. Lakini alichofanyiwa shangazi yangu hakimezeki.

Aristidi, msimamizi wetu wa studio, ndiye aliyetaka kilio cha kweli. Alisikia kwamba shangazi Metaksia, kule kijijini Mani, ni fundi wa mbolezi, nyimbo za kuwalilia wafu, akamwita. Shangazi akaja na nguo zake nyeusi, ambazo hajazivua tangu amzike binti yake wa pekee, Diamando. Akaja na mjukuu wake Rini pia, mtoto aliyeachwa na Diamando angali ananyonya.

"Haya mama, lia kidogo hapa," Aristidi akamwambia, akimsogezea kipaza sauti.

"Nimlilie nani?"

"Demetra, mama. Kaibiwa binti."

"Simjui huyo. Kwetu mbolezi haiimbwi bure. Ukiimba bila maiti, unaita maiti nyumbani."

"Basi muimbie umtakaye! Naapa kwa macho yangu, itatoka mdomoni mwa Demetra, na ukumbi mzima utanyamaza."

Shangazi akakaza kitambaa chake kichwani, akafanya ishara ya msalaba, akamwimbia Diamando. Fundi wa mitambo alilia waziwazi. Mimi nilitoka nje.

Siku ya kwanza ya sinema nilimpeleka Rini, niliyekuwa nimemleta Athene kwa ajili hiyo. Shangazi alibaki Mani, maana mwenye nguo nyeusi haendi kwenye maonyesho. Persefoni akabebwa, vitunguu vikacheza, mbolezi sikuisikia. Kisha akatokea mbuzi wa Demetra, kapoteza kengele yake. Akanyoosha shingo, na sauti ya shangazi ikatoka mdomoni mwake, imeharakishwa, mwishoni wamebandika "Meee!" Ukumbi ukaangua kicheko. Rini alicheka mpaka akapaliwa na bisi.

Nilimkuta Aristidi kwenye ngazi, anapongezwa.

"Uliapa!"

"Kampuni ndiyo iliyoamua, Kanela. Umeona watoto walivyoipenda? Ni mbuzi tu, dada."

"Ni Diamando, mshenzi wewe! Siku ukimzika mama yako nitakuletea mbuzi akulilie!"

Watu wakageuka kutazama. Yeye akanirekebishia kola ya koti, kama mtu anayemtuliza mlevi, akaniambia filamu imeshakwenda nchi nzima. Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo najuta kwamba sikumzaba.

Shangazi akapiga simu. "Vipi, walinyamaza?"

Nilimwambia nitamweleza uso kwa uso, nikienda kwenye kumbukumbu ya kila mwaka ya Diamando.

Nilichelewa basi, nikawakuta wameshafika kaburini. Sinia la ngano ya kuchemsha ya kugawiwa waombolezaji, limepambwa kwa sukari, lilikuwa juu ya marumaru. Wanawake walikuwa wamezunguka, wanamsubiri shangazi, kwa sababu mama wa marehemu ndiye anayeanza na wengine humwitikia. Sikupata hata nafasi ya kumvuta pembeni.

Akaanza. Rini akainua uso, macho yamemwaka kwa furaha.

"Bibi! Wimbo wa mbuzi!"

Akaruka juu ya marumaru ya mama yake, akanyoosha shingo, akalia "Meee!" Watoto wengine wakamwitikia kwa kelele, maana kijiji kizima kilikuwa kimeshaiona ile katuni. Mama mmoja kijana akaziba mdomo asicheke, akashindwa.

Shangazi akanitazama. Nikainamisha kichwa, naye akaelewa. Wanawake wakangoja.

"Imba basi, Bibi," Rini akambembeleza, akimvuta sketi nyeusi. "Imba ile ya mbuzi."

Shangazi akamteremsha polepole kutoka juu ya kaburi, akamfuta sukari kwenye viatu, akaanza kugawa ngano. Mwaka huo Diamando hakuimbiwa.