Boriti za Ayja

Bi Asya alikuwa akichagua mchele kwenye sinia, nyumbani kwake Ayja, ng'ambo ya hori la Sur, Oman, jani la kwanza lilipoanguka. Lilikuwa jani bichi, nene, lenye ncha. Alilitoa pamoja na chuya na kijiwe kimoja, akaendelea kuchagua. Ilikuwa imeshapita saa nne na mchele ulikuwa bado haujaoshwa.

Alipomaliza ndipo alipotazama juu. Dari ya ukumbi ule ilibebwa na boriti ishirini na mbili ambazo babu yake alizileta kutoka Rufiji zaidi ya miaka mia iliyopita. Ukumbi ulikuwa mwembamba kama kumbi zote za zamani, kwa kuwa upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti, na mkoko haukui zaidi ya unavyotaka wenyewe. Ishirini na moja kati ya hizo zilikuwa zimechipua. Ya ishirini na mbili ilikuwa bomba la chuma, aliloliweka fundi mwaka themanini na nane baada ya mchwa, na hilo halikuchipua.

Alimpigia simu mjukuu wake.

"Ghadeer, ukija jioni nletee ngazi. Dari imetoa majani, nataka kuyapunguza yasije yakaingia kwenye feni."

Ghadeer alikuja na ngazi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi yake ilikuwa kwenye bustani ya miche kando ya hori, kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Alipanda hatua nne, akachuma jani, akaligeuza upande wa chini.

"Bibi, wallah hii majani siyo ya mchu wetu wa horini," alisema.

"Nani kakwambia ni ya mchu? Huo mkoko. Sisi kwetu Unguja tukipita mikokoni tangu tuko wadogo."

Ghadeer alishuka akapunguza majani ya karibu na feni tu. Mengine aliyaacha, kwa sababu siku hizo hakuwa na moyo wa kukata kitu chochote kilicho hai.

Alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma alikuja Sur mtaalamu kutoka Okinawa, visiwa vya kusini vya Japani, mwanamke mfupi wa makamo aitwaye Higa, na watu wa Ayja wakamwita Bi Higa. Alikuja na mirija iliyotengenezwa kwa makapi ya miwa. Mche hupandwa ndani ya mrija, mrija huyashika matope yasiukimbie, na mche ukishajiweza mrija huoza wote baharini usibaki hata uzi. Alikuja pia na vipimo vidogo, kila kimoja kikubwa kama kokwa ya tende, ambavyo vilichomekwa matopeni na kila saa vikatuma kwenye simu ya Ghadeer joto la maji na kiasi cha chumvi. Walipanda miche elfu tatu ya mchu, maana katika hori za Oman huota mti huo mmoja tu wa maji ya chumvi. Mirija ilifanya kazi yake. Vipimo vilifanya kazi yake. Ni maji yaliyokuwa yamezidi moto, kiangazi hadi kiangazi, na simu ya Ghadeer ilimpa habari hiyo kila saa, usiku na mchana, kama jirani asiyejua kunyamaza.

Miche ilikuwa inakufa, na hori lilikuwa linaila pwani. Katika bamvua la mwaka uliopita maji yaliingia uchochoroni hadi mlango wa tatu. Mlango wa Bi Asya ni wa nne. Idara iliyosimamia mradi ilikwisha sema: ikiwa mwisho wa Juni miche hai haitafika elfu moja, mradi utafungwa, na wakazi wa uchochoro ule watapewa viwanja vipya bara, nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo hakuna kitu ila mchanga na nguzo za umeme. Bi Asya alikuwa na miaka sabini na minane. Alishahamishwa mara moja maishani mwake, kutoka Unguja mwaka sitini na nne, na begi moja, na hakuwa na hamu ya mara ya pili.

Mwezi wa pili boriti zilitoa maua madogo ya manjano hafifu. Ukumbi ulipoa. Bi Asya alizima kiyoyozi, na fundi alipokuja kukihudumia akakuta hakijawashwa wiki tatu, akakaa chini ya dari akanywa kahawa akaenda zake. Mwezi wa nne ikaning'inia miche. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama miti mingine, huangusha mche mzima, mrefu mwembamba kama ganda la mlonge, wenye ncha chini, tayari kusimama pale utakapofika. Mmoja ulisimama kwenye mto wa kulalia. Mmoja ulisimama kwenye kikapu cha vitambaa, kati ya uzi na mkasi.

Ghadeer alimleta Bi Higa aone. Bi Higa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompendeza Bi Asya kuliko shahada zake zote. Alitazama dari kwa muda mrefu. Kisha, kwa Kiarabu chake cha polepole, alisema kwamba mti huu una ndugu yake huko kwao, kwenye visiwa ambavyo ni kama mwisho wa kaskazini mti huo unakokubali kuishi, na ndugu huyo amezoea joto na baridi na tufani. Akauliza mbao zina umri gani. Akaambiwa mia na kitu. Akaandika. Akauliza nani alizikata.

"Babu alizileta," Bi Asya alimjibu, na Ghadeer akatafsiri. "Waliozikata hatukuwauliza majina. Ndiyo aibu yetu hiyo."

Bi Higa aliandika na hilo pia. Aliomba kiti, akakaa chini ya boriti ya sita saa nzima, hadi mche mmoja ulipoanguka ukasimama wima juu ya zulia, sentimita kumi kutoka kwenye kidole chake cha mguu. Akaupima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba ndoo.

Walipanda mwezi mzima. Asubuhi Bi Asya alifagia ukumbi na kuokota, Ghadeer alipakia ndoo kwenye gari, na majirani wa mlango wa kwanza hadi wa tatu, ambao mazulia yao yalikuwa bado yana alama ya chumvi, walishuka matopeni na suruali zimekunjwa. Mikoko ilisimama kwenye mirija ya makapi ya miwa kana kwamba ilishawahi kukaa humo. Baada ya wiki sita ilikuwa imetoa mizizi ya kujiegemeza, kama watu waliochuchumaa wakisubiri chai. Vipimo vilituma joto lile lile lililoua mchu, na mikoko haikujali. Bi Higa aliandika urefu wake kila Jumatatu na hakuweka alama ya mshangao. Ghadeer alianza kula vizuri.

Mwisho wa Juni akaja mkaguzi, Humaid, kijana mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kompyuta ndogo kwapani. Alihesabu mwenyewe kuanzia alfajiri, bila kumtuma mtu, na kwa hilo lazima asifiwe. Mchu hai mia mbili na kumi na mbili. Mkoko hai elfu moja mia moja na sitini na tatu.

"Hamdulillah, imepita," alisema Ghadeer.

Humaid alifunga kompyuta yake. Aliomba waende mahali penye kivuli, na mahali penye kivuli karibu palikuwa ukumbi wa Bi Asya.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni. Alikuwa mtoto wa Waomani waliokaa bara, si visiwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, angalia kichwa chako, leo miche inaanguka."

Aliketi, akapewa kahawa na mkate wa ufuta, akafungua fomu kwenye kompyuta akawaonyesha. Kulikuwa na safu mbili. Moja iliandikwa miti ya asili, nyingine miti ya kigeni, na mradi ulihesabu safu ya kwanza peke yake.

"Yaani elfu moja zilizo hai siyo kitu?" Ghadeer aliuliza. "Na zile zilizokufa ndiyo za asili?"

"Dada, mimi nafuata sistemu tu. Huu mti haupo kwenye orodha ya Oman."

"Upo juu ya kichwa chako tangu hujazaliwa!"

Jani lilianguka kwenye kikombe cha Humaid. Alilitoa kwa vidole viwili, akaliweka ukingoni mwa sahani, akanywa.

Bi Asya hakukasirika. Alimwongezea kahawa. "Na mimi mwaka sabini na mbili nilipokuja huku, baada ya kutangatanga miaka minane, waliniuliza asili," alisema. "Nikasema Sur. Wakataka mashahidi wawili wanaomjua babu yangu, na wote washakufa. Nikawaleta maofisa wenyewe hapa hapa, nikawaonyesha hizi boriti, nikawaambia, nyumba hii kaijenga yeye. Wakasema mbao si shahidi. Wakaandika Zanzibar. Kitambulisho wamenipa, siwadhulumu, lakini kwenye jalada ndivyo ilivyoandikwa mpaka leo. Kula mkate, usikae nao mkononi."

Humaid alikula mkate. Kisha akajaza safu ya pili, akaomba msamaha kwa unyoofu kabisa, akaondoka na gari la idara.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mradi umeshindwa na unafungwa. Mkataba wa Ghadeer hautaendelea. Miti ya kigeni ing'olewe, na kazi hiyo ifanywe na wafanyakazi wa bustani ya miche, ambao barua hiyo hiyo ilikuwa imewaachisha kazi. Ghadeer alikaa ndani ya gari mbele ya bustani iliyofungwa akalia, na alikuwa na haki ya kulia, maana alifanya kila alichoambiwa na kikaota. Bi Higa alipelekwa kwenye pwani nyingine. Kabla ya kuondoka alileta mirija yote iliyobaki ukumbini kwa Bi Asya, akaipanga ukutani kwa safu, akainama mara mbili, mara ya kwanza kwa Bi Asya na mara ya pili kwa dari.

Hakuna aliyeing'oa mikoko. Ghadeer alipata kazi ya maabara katika shule ya wasichana, na Ijumaa alasiri alishuka matopeni na wanafunzi wake, nao wakapanda.

Bamvua kubwa likaja mwezi wa tisa. Bi Asya alikuwa amefunga begi, ameweka nguo, dawa, picha na hati ya nyumba, amekaa mlangoni na viatu miguuni. Maji yaliingia horini kwa nguvu, yakafika kwenye mikoko, yakapita katikati ya mizizi yake yakatoka upande wa pili yamechoka. Yalifika kwenye kizingiti cha mlango wa kwanza, yakalowesha ngazi moja, yakarudi. Mlango wa pili haukuguswa. Bi Asya alikaa dakika kumi nyingine ili ahakikishe, kisha akaingia ndani akalifungua begi akarudisha nguo kabatini, akiimba. Kwenye ramani ya viwanja vipya uchochoro wake bado umechorwa mstari mwekundu wa kuhamishwa.

Jumamosi iliyofuata Humaid alikuja tena, safari hii kwa gari lake mwenyewe, na ndoo tatu tupu nyuma. Mama yake aliolewa Ashkhara, kusini mwa pwani hiyo, alieleza, na nyuma ya soko la samaki kuna hori dogo linalokula ua wake. Amesikia habari za Ayja. Amemtuma.

"Mama yako kazaliwa wapi?" aliuliza Bi Asya.

"Kigoma."

"Na jalada lake limeandikwaje?"

"Hivyo hivyo, mama."

Bi Asya alichukua ufagio akagonga boriti ya kumi na moja, iliyokuwa imezaa vizuri, na miche ikaanguka ikasimama zuliani, na Humaid akapiga magoti akaanza kuiokota mmoja mmoja kwa uangalifu.

"Huko Ashkhara wakikuuliza miche hii ya wapi, utawaambiaje?"

"Nitawaambia ya Sur."

"Na kwenye fomu?"

"Fomu haijabadilika."

"Haya," alisema Bi Asya, akalowesha kitambaa akafunika ndoo ya kwanza ili miche isikauke, maana njia ya Ashkhara ni ndefu na jua lilikuwa kali. "Lete ya pili."