Toleo Lililofunga Ndimi

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mvua nyembamba ilinyesha bila upepo. Katika ghorofa ya pili, mhandisi aliwasha kwa mara ya kwanza programu aliyokuwa ameihamishia kwenye mfumo mpya wa kompyuta uitwao Unix. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuiga. Idara ya Ardhi bado ilihifadhi kumbukumbu zake katika kompyuta kuu iliyojaza chumba kizima, nayo kompyuta hiyo ilikubali kuzungumza na terminali, yaani skrini zenye kibodi, za aina moja tu, zile nyeusi zenye herufi za kijani, ambazo hakuna aliyezitengeneza tena. Programu iliifanya kompyuta ya kawaida ijifanye terminali hiyo. Kompyuta kuu ikiamini, kazi imekwisha.

Kando yake aliketi mjaribu wa programu, ambaye ofisi nzima ilimwita Kelele, kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Aliandika namba ya kiwanja, akatuma ombi. Chini ya skrini zikatokea alama ya X na saa ndogo, maana yake kibodi imefungwa hadi kompyuta kuu ijibu. Kelele, aliyekuwa katikati ya kisa cha mama mkwe wake, akakatika. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mhandisi alitaka kumwuliza kulikoni, na yeye pia hakuwa na sauti. Jibu lilipofika, saa ikafutika, na Kelele akaendelea alipokuwa ameachia.

"…akafungua friji, ndani hamna kitu ila viatu vyangu," alimalizia. "Dada, umeona hilo?"

"Nimeona. Inafunga kibodi pamoja na ndimi za waliomo chumbani."

"Niandike kasoro?"

"Majibu yanafika sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Basi andika kwamba imezingatia sana asili."

Walijaribu viwanja vingine, na majibu yakaja kufumba na kufumbua. Kisha Kelele akaomba kiwanja cha bondeni. Saa ndogo ilikaa. Walisubiri kimya hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia kama kuna msiba. Mwishowe mhandisi alibonyeza kitufe cha kufungua. Sauti zikarudi, na ombi likapotea. Ndivyo kitufe kile kilivyofanya kazi: ama ungoje jibu, ama upate kusema.

"Jaribu cha jirani," alisema mhandisi.

Cha jirani pia kilikuwa kimya. Bonde lote lilikuwa kimya.

Mhandisi alifungua msimbo wa toleo la zamani, maandishi yanayoiendesha programu. Alijua alichokuwa akikitafuta, kwa kuwa mwezi uliopita alikiondoa kwa mkono wake. Ulikuwa mstari mmoja: jibu likichelewa, fungua kibodi na uonyeshe maneno "Mtandao uko chini". Mwongozo wa terminali haukutaja jambo kama hilo, na yeye alipenda mwongozo ufuatwe. Aliuondoa mstari ule kama mtu anavyong'oa msumari uliochomoza, bila kuuliza ulikuwa umeshikilia nini.

Sasa alijiuliza. Shangazi yake, aliyemlea, aliishi bondeni katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Kampuni fulani ilikuwa imechomeka vigingi nyuma ya jiko lake, na Ijumaa adhuhuri tingatinga lingefika. Kilichohitajika kulizuia ni uthibitisho wa umiliki kutoka Idara ya Ardhi. Kila alipokwenda kuuomba, aliambiwa mtandao uko chini. Mhandisi ndiye aliyemfariji kwamba mitandao ndivyo ilivyo.

Alasiri, meneja aliingia na kufunga mlango. Hakuwa na kawaida ya kufunga mlango.

"Nani alikutuma uondoe ule mstari?"

"Hakuna, bosi. Haumo kwenye mwongozo."

"Shangazi yako anakaa bondeni."

Mhandisi hakuwa amewahi kumweleza mtu yeyote ofisini shangazi yake alikaa wapi. "Bosi umejuaje?"

"Watu wanaongea."

Wote wawili walimtazama Kelele.

"Msinitolee macho," alisema Kelele. "Mimi domo langu ni la mambo yangu tu."

Mhandisi aligeuza skrini kidogo, ili Kelele asiione. Naye aliliona hilo, akasogeza kiti chake.

"Urudishe," alisema meneja.

"Urudishe wewe, bosi."

Katika ofisi ile, kila mstari wa msimbo ulibeba jina la aliyeuandika, na jina halikuweza kufutwa. Mhandisi alisogea kando, akamwachia kibodi. Meneja aliitazama, mikono ikiwa mifukoni. Kisha akasema mteja anasubiri, na toleo litoke lilivyo.

Lilitoka Jumatano. Ijumaa asubuhi mhandisi alimsindikiza shangazi yake Idara ya Ardhi, wakawa wa kwanza dirishani.

"Mwanangu," shangazi alimwambia karani, "leo usiniletee habari za mtandao. Nimezeeka nao."

"Leo tuna programu mpya, mama. Haina neno hilo."

Aliandika namba, akatuma. Ukumbi mzima ukanyamaza. Mtoto aliyekuwa akilia aliendelea kulia bila sauti. Waliokuwa kwenye foleni walitazamana, kisha wakatazama saa zao. Mlinzi aliandika "SUBIRINI" kwenye kipande cha boksi na kukisimamisha mezani.

Mkuu wa idara alitoka ofisini kwake kuona kimya kile kina nini. Hakuitazama skrini. Alimtazama shangazi moja kwa moja, kama mtu anayemjua, akarudi ndani na kufunga mlango. Mhandisi alihesabu hiyo kuwa milango miwili ndani ya juma moja.

Karani alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kufungua. Shangazi, ambaye mhandisi alikuwa amemweleza njiani habari za kitufe kile, aliushika mkono wa karani, akautua mezani kwa upole, akaendelea kuushika.

Adhuhuri simu ya mhandisi ilitetemeka. Jirani alikuwa ameandika: "Wamefika. Mwambie aje apige kelele, sisi hawatusikii." Mhandisi alimwonyesha shangazi. Shangazi alisoma polepole, akatazama mlango wa kutokea, akatazama kitufe. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepiga kelele miaka mingi. Alichokosa ni jibu.

Kompyuta kuu haikujibu.

Dereva wa tingatinga alisawazisha jiko, vyumba na ua, akala chakula chake cha mchana kivulini mwa mashine. Meneja aliwaandikia wateja wote kwamba toleo jipya limepunguza kelele maofisini. Mkuu wa idara aliamuru dirisha la viwanja vya bondeni lihamishiwe chumba cha nyuma, ili kumbi nyingine ziendelee kuzungumza, na karani akahamishwa pamoja nalo. Kelele aliomba likizo akaipata, na aliporudi akakuta dawati lake limewekwa mbali na la mhandisi. Hakuuliza nani aliomba lihamishwe. Shangazi naye alihamia chumba cha nyuma, akabaki humo, mkono wake juu ya mkono wa karani, akingoja. Mhandisi alimpelekea mto wa kukalia, akarudi ofisini, akaanza kulihamishia toleo lile lile kwenye mashine za Mahakama.