Jicho la Winny

Alhamisi, siku mbili kabla ya kumzika mkewe, Winny, Obonyo aliitwa na kaka yake mkubwa, Absalom, waende kuangalia programu ya mazishi kabla haijachapishwa. Duka la uchapishaji lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na soko la Kibuye, karibu na kibanda chake cha useremala. Kibandani wenzake walikuwa wakipiga jeneza msasa. Walimkataza kugusa randa, naye hakubishana. Tangu alipofiwa Jumapili hakuwa amebishana na mtu. Akipewa chai alikunywa, akiambiwa akae alikaa.

Penye kuvuka barabara alisimama. Jicho lake la kushoto lilikuwa na makengeza tangu utotoni. Lilikimbilia pembeni na halikuona ila ukungu. Alipokuwa na miaka thelathini daktari alimweleza kwamba jicho lenyewe si bovu. Ubongo ulikuwa umezoea lile la kulia, ukaacha kulisikiliza la kushoto. Jicho vivu, ndivyo alivyoliita. Lile zima lingefunikwa alipokuwa mtoto, pengine hili lingejifunza kazi. Sasa wakati ulikuwa umepita.

"Kumbe niliolewa na mvivu!" Winny alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Winny alitembea kushoto kwake siku zote. Gari likitokea upande ule, alimgusa kiwiko. Leo Absalom alikuwa mbele, akiongea kwa simu. Obonyo aligeuza shingo yote, akangoja, akavuka.

Mwenye duka, Waithera, alimpa mkono. "Pole sana, Baba." Akamsogezea kiti mbele ya kompyuta.

"Hapo mbele ni Winny peke yake," Absalom alisema. "Na huku nyuma tumeweka picha ya harusi. Hebu angalia vile umetoka, omera. Kama mbunge!"

Obonyo aliinama. Winny alikuwa vilevile, na gauni lile la kukodi lililombana kifuani. Kando yake alisimama mwanamume mwenye suti ya kijivu, macho yake mawili yamenyooka mbele kama misumari. Ilimchukua muda kujua kwamba mwanamume yule ni yeye.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Waithera alisema, asijue kama anashukuriwa au analaumiwa. "Nimechukua hilo la kulia nikaligeuza, nikaliweka upande huu. Mtu hawezi kujua."

"Mimi ndiye nilimwambia," Absalom alidakia. "Watu wanakuja kutoka mpaka Nairobi. Hii karatasi itakaa kwa nyumba za watu."

Obonyo alikumbuka ile siku nje ya kanisa. "Bwana harusi, angalia huku!" mpiga picha alipaza sauti. "Naangalia," alijibu. "Angalia na macho yote!" Watu wakaangua kicheko, naye akatamani ardhi immeze. Ndipo Winny aliponong'ona bila kufungua meno: "Achana naye. Hilo moja linaniangalia mimi. Hilo ni langu. Lingine angalia nalo watu." Kwa miaka kumi na minne ukawa ndio mzaha wa nyumba yao. Akimkuta ameduwaa mezani, alimwuliza, "Baba, jicho langu liko wapi?"

"Rudisha," Obonyo alimwambia Waithera.

"Omera, usianze," Absalom alisema. "Si hata halioni? Wewe mwenyewe umesema miaka yote."

"Halioni. Lakini hapo lilikuwa linamwangalia Winny. Vile mmeweka sasa, hakuna mtu anamwangalia."

Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ileile aliyotumia kuagiza mbao.

Absalom alisogea karibu na kioo cha kompyuta. Akaitazama picha kwa muda, kidole chake kikifuata njia kutoka uso mmoja hadi mwingine.

"Alikuwa anasimama upande huo kila mara," alisema polepole.

"Bahati nzuri, ile picha ya kwanza sikuifuta," Waithera alisema. Akabonyeza mara mbili. Jicho likateleza likarudi pembeni, likatua shavuni mwa Winny.

Obonyo alingoja machozi. Hayakuja. Kisha alifunika jicho lake la kulia kwa kiganja, akaitazama ile picha kwa la kushoto. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu weupe ambao huenda ulikuwa gauni. Akakaa hivyo mpaka Waithera akamwuliza kama anataka maji.

"Hapana, Mama. Chapisha."

Mashine ilinguruma. Nakala ya kwanza ilitoka ikiwa na joto bado, na Waithera akamnyooshea akiwa upande wake wa kushoto. Obonyo alipeleka mkono akashika hewa, shibiri moja kutoka kwenye karatasi. Winny hakuwahi kumnyooshea kitu. Alikileta mpaka kikagusa kiganja chake.

Waithera, akidhani amebadilisha nia, alianza kuirudisha nyuma.

"Ngoja," Obonyo alisema. Akageuza shingo yote, akapeleka mkono tena.