Ndama wa Mvunguni

Kitinda alikuwa amewafikisha wageni chumbani, akiwaonyesha kitanda cha mbao alichokichonga baba yake kwa mikono yake mwenyewe, alipomwona dada yake mkubwa amesimama nyuma yao na tiketi mkononi.

Tangu baba yao afariki na nyumba ile ya shambani ikabidhiwe halmashauri iwe makumbusho, dada mtu hakuwahi kuikanyaga. Sahihi aliweka kama wenzake, maana paa lilikuwa linavuja na hakuna mmoja wao aliyekuwa na ubavu wa kuliezeka upya. Lakini alisema wazi kwamba hatakwenda kuwatazama wazazi wake wakiwa wameanikwa kama bidhaa dukani. Kitinda, aliyeajiriwa kuitunza nyumba na kutembeza wageni, alimpigia simu kila Jumapili. Waliongea habari za wajukuu, mvua na magoti yanayouma. Nyumba haikutajwa.

Na sasa huyu hapa. Mkata tiketi alikuwa ametaka kumpitisha bure, kwa jinsi sura yake ilivyofanana na ya Kitinda, naye akakataa katakata, akisema amekuja kama mgeni na atalipa kama mgeni. Ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Nyumbani walimwita Jemadari, kwa alivyowaamrisha wadogo zake kuoga, kula na kunyamaza.

Kitinda akajikaza. Alieleza habari za kitanda harakaharaka, akawaomba wageni wamfuate jikoni, wakaione mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi. Mama mmoja aliyekuja na wanawe wawili akabaki palepale kwenye kamba iliyozuia watu wasikiguse kitanda.

“Na ndama je?” akauliza. “Hawa walisimuliwa na watoto wa jirani. Wamenisumbua njia nzima.”

Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze. Hadithi ya ndama ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na mhusika wake alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, uso mkavu kama gogo. Lakini watoto walikuwa wamemkodolea macho. Akasimulia.

Alisema baba yao aliwahi kukubaliana na muuza nyama mmoja amwuzie ndama dume. Asubuhi ya kumchukua, ndama hakuonekana. Walimtafuta zizini, mtoni, hadi kwenye shamba la jirani, wakarudi wamechoka hoi. Baba akamwingiza mgeni wake ndani, akaketi kitandani avue viatu vyake vya mpira. Hapo hapo kitanda kikalia kama ng'ombe. Baba aliruka juu, kichwa kikagonga taa iliyoning'inia darini, na muuza nyama akawa wa kwanza kutoka nje. Walipoinama mvunguni wakamkuta binti mkubwa wa nyumba amelala chali, kamfumba ndama mdomo, naye ndama akimlamba vidole.

Wageni walicheka sana. Kitinda akamalizia kama kawaida yake, kwamba dada yake huyo alipenda wanyama kupita kiasi.

“Hivyo ndivyo unavyowaambia watu?” Jemadari akauliza.

Wageni wakageuka.

“Mimi sijawahi kupenda mnyama yeyote,” akaendelea. “Ng'ombe walinichosha tangu utoto wangu. Yule ndama alikuwa wako. Ulikuwa hujaanza hata shule. Ulisikia wazee wakipatana, ukaenda ukakaa zizini umemkumbatia shingo. Ungelia ningekuacha, maana kulia kwako nilikuzoea. Ulinyamaza tu, mdogo wangu. Kule kunyamaza ndiko kulikonishinda.”

Kitinda alijaribu kukumbuka. Hakupata kitu, isipokuwa joto la manyoya shavuni, na hata hilo hakuwa na hakika nalo.

“Mbona hukuniambia miaka yote hii?”

“Nilidhani unajua.”

Akaeleza kwamba baba alimtandika kidogo, ili muuza nyama aone, kisha akamwambia yule bwana biashara imekufa. Ndama akakua, akawa fahali mkorofi, na haukupita mwezi bila kumkimbiza baba uani.

Mtoto mdogo akauliza kama anaruhusiwa kuchungulia mvunguni. Kanuni za kazi zilikataza, na Kitinda ndiye aliyezibandika ukutani. Akafungua kamba. Watoto wakajitosa chini, na Jemadari, bila kumwomba mtu ruhusa, akaketi kitandani, akapapasa ubao wa kichwani. Mlio wa ng'ombe ulipotoka mvunguni alicheka hadi akajishika mbavu. Kitinda alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu walipozozana juu ya nyumba siku ya mazishi ya baba yao.

Wageni walipoondoka, alimwuliza kilichomleta. Kwanza Jemadari alisema alikuwa anapita tu, ingawa barabara ile iliishia pale pale getini. Kisha akasema, “Nimechoka kukusikia kwenye simu ukiruka habari za kazi yako. Nikaona nije niione.”

Alikusudia kurudi kwake jioni ile. Alikaa mpaka mwezi mwingine ukaandama. Kitinda alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kitanda kimoja, na siku ya kwanza wakabishana nani alale upande wa ukutani. Kitinda alikuwa bibi mwenye mvi zake, mwenye funguo za jumba zima kiunoni. Jemadari akamwelekeza kwa kidole tu, naye akasogea ukutani.