Seva Isiyouliza Jina

Tangu asubuhi seva ya maabara ilikuwa inanifukuza kama kuku aliyeingia jikoni, na nywila walinipa wenyewe.

Kazi ukiisimulia ni ndogo: programu ya zahanati iingie kwenye seva yao, ijitambulishe kwa jina na nywila, ilete majibu ya wagonjwa. Lakini kila nikijaribu, jibu ni lile lile: huruhusiwi. Sasa niliruhusiwa nini, kutoa macho?

Mama alikaa kwenye benchi nyuma yangu, mkoba mapajani. Walishamkata kipande kidogo cha nyama kwenye titi wakakipeleka maabara, na majibu yake yalikuwa humo humo kwenye seva. Bila majibu, daktari hapangi matibabu.

"Mwanangu, si ulisomea haya?"

"Nilisomea, mama."

"Basi subira yavuta heri."

"Hiyo heri imekwama. Hebu niache nifanye kazi."

Nikampigia tena fundi wa seva. "Dada, kwetu iko sawa," akasema, huku anatafuna.

"Sawa wapi? Jina nimeweka, nywila nimeweka."

"Umeziweka. Zinatumwa?"

Nikaupitia msimbo wa programu. Programu yangu ilikuwa na adabu za mgeni: inabisha, inangoja iulizwe "nani?", ndipo ijitaje. Seva yao haiulizi. Asiyejitaja mwenyewe tangu mlangoni, inamtimua.

"Na hilo mbona hukuliandika kwenye maelekezo?"

"Nilidhani unajua."

Nilikata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Nikabadilisha msimbo, jina na nywila vitumwe pamoja na ombi lenyewe, bila kungoja kuulizwa. Ikabaki namba ya mgonjwa ya kujaribia. Kichwani nilikuwa nayo moja tu, ya mama, maana alishinda akinisomea kadi yake. Nikaiandika, nikabonyeza, hasira zimenijaa mpaka kooni. Nilichotaka ni mlango ufunguke tu, basi.

Ukafunguka. Jina lake, umri wake, na chini yake lile neno ambalo daktari alituambia tuombe lisiwepo.

"Imekubali?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Nikafunika kompyuta. Nilijitahidi, lakini machozi hayakunisikiliza. Mama akainuka, akasimama nyuma ya kiti changu, akanishika mabega.

"Haya, usilie," akasema. "Kompyuta tu hiyo."