Hatufungamani

Mwalimu wa historia aligawa darasa kwa chaki. Madawati ya dirishani yakawa Kambi ya Soko, ya ukutani yakawa Kambi ya Mpango, na dawati moja bovu likaachwa katikati. Hilo ndilo lilikuwa Nchi Changa, iliyojitawala juzijuzi tu na haina hata bendera ya kubadilisha. Akamkalisha hapo Wembe, binti aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, na kwa kweli lilimkaa.

"Kambi zote mbili zinakuposa," mwalimu akamwambia. "Ukikosea, wananchi wako watakiona cha mtema kuni."

Wembe hakukosea. Soko walipomwahidi viwanda na bandari, akawauliza masharti wameyaficha wapi. Mpango wakamwahidi matrekta, bwawa na wataalamu. Akawauliza hao wataalamu wataondoka lini. Aliwazungusha mpaka jasho likawatoka, kisha akasimama na kusema, "Asanteni nyote. Sisi hatufungamani na upande wowote." Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu naye alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Sasa ngojeni niwaambie kambi zikichoka kubembeleza hufanya nini," akaanza, lakini kengele ikalia, na nani hukaa kumsikiliza mwalimu kengele ikishalia?

Nyumbani nako kulikuwa na kambi mbili, na hizo hazikuwa mchezo. Baba, fundi friji, alikuwa amehamia chumba cha nyuma ya karakana yake. Mama alibaki na cherehani yake katika vyumba viwili vya kupanga. Jumamosi baba mkubwa na mjomba wangekuja kuamua watoto wakae kwa nani, na kila mzazi alishaanza kujipendekeza. Baba alileta redio aliyoifufua mwenyewe. Mama akashona magauni mawili ya kitambaa kimoja. Wembe hakutaka redio wala gauni. Alitaka asitenganishwe na mdogo wake wa darasa la pili, aliyeitwa Gundi kwa sababu alikuwa habanduki kwake, hata msalani alimngoja mlangoni.

"Tukimchagua mama, baba atadai angalau mmoja wetu," Wembe alimweleza wakiosha vyombo. "Tukimchagua baba, mama naye hivyohivyo. Kwa hiyo hatuchagui. Sema: hatufungamani na upande wowote."

"Hatufungamani," Gundi akarudia, povu limemfika viwikoni. "Halafu?"

"Halafu wataendelea kutubembeleza, na sisi tutakuwa pamoja."

Jumamosi walijibana sebuleni, magoti yakigusana. "Haya, wajomba zangu," mjomba akasema, "semeni wenyewe, msiogope."

Gundi akasimama, akalitoa neno lake kama shairi la shule. Wembe akamalizia kwa hoja moja baada ya nyingine, hana kigugumizi, hana aibu. Alisema vizuri, na mpaka leo inamuuma kwamba alisema vizuri vile.

Baba akamtazama mama. Siku nyingi walikuwa hawajatazamana. "Hawamtaki yeyote kati yetu," akasema polepole.

"Mimi nimechoka," mama akajibu. "Siwezi kuendelea kuwabembeleza watoto niliowazaa. Tugawane. Mkubwa abaki anisaidie kazi, mdogo uende naye."

"Sawa," baba akasema.

"Angalau hapo mmeelewana," baba mkubwa akasema, na akaonekana kufurahi kweli.

"Sikuwa na maana hiyo!" Wembe akapiga kelele.

"Umeshasema, mwanangu," baba mkubwa akamjibu. "Tumekusikia."

Mama akazikunja nguo za Gundi na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni. Gauni moja likaingia mfukoni, pacha wake likabaki kwenye msumari. Gundi hakulia. Alisimama mlangoni na viatu vya shule, siku isiyo ya shule, akimkazia macho dada yake.

"Dada, kumbe ndiyo maana yake?"

"Maana ya nini?"

"Hatufungamani. Mimi nilidhani ni sisi na wao. Kumbe ni mimi na wewe."

Baba akauchukua mfuko, akamshika Gundi mkono. Gundi akabanduka bila kuvutwa.