Nafasi Shingoni mwa Mtungi

...polepole, usimwage, asali ya Siakago si maji ya mfereji, si jana nilihamisha divai yote ya asali kwa mpira wa maji kutoka mtungi ule wa kwanza bila shida yoyote, nikayaacha mashapo chini vile Karambu wa kikundi cha akina mama kanisani alitufundisha, sasa kazi iliyobaki ni kujazia tu, kwa sababu divai ukiihamisha haiwezi kujaa kama kwanza, yale mashapo yamebaki kule na nafasi yake, hapa shingoni panabaki wazi, hewa inaingia inakaa, na hewa ndiyo inageuza divai kuwa siki, jaza mpaka karibu na kizibo, alisema Karambu, usionee divai huruma, na mimi jagi la divai ya kujazia niliweka kando mapema, hili hapa, nimelishika juu ya mdomo wa mtungi, basi mimina, mama, unangoja nini... huko nje Mwiti anaongea na simu, anazunguka pale kwa tangi la maji, ni Kaari, najua ni Kaari kwa hiyo sauti laini, “Umekula, mpenzi? Umekula nini?” ... kijana wangu akitaka anakuwa mtamu, Kiirua nzima inamsifu, mama Mwiti umebarikiwa, mtoto halewi, havuti, amejenga nyumba ya mawe, na mimi naitikia amina, amina, na mwisho wa mwezi tunapeleka mtungi huu Kibugu kwa kina Kaari kumposa, soda wazee wamekataa, wamesema lazima divai ya asali, mchungaji naye ataangalia kando kidogo, na kule kwao msichana ndiye anapewa kikombe kwanza, baba yake anamuuliza mbele ya watu wote, tunywe ama tusinywe, akionja akampa baba yake basi amekubali, ni mke wetu, vigelegele, picha... “Nani huyo anacheka?”

Imebadilika, hiyo sauti, nimeisikia ikibadilika... “Dada yako? Washa video nione. Kaari. Nimesema washa video” ... hapazi sauti, afadhali angepiga kelele majirani wasikie, yeye anaishusha, anaongea polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma, “zungusha simu, nionyeshe hiyo chumba yote, na nyuma ya mlango pia”, na hivi ndivyo Kailemia baba yake alikuwa anaongea kabla hajafunga dirisha, Mungu amrehemu, nilimzika pale nyuma ya miti ya kahawa nikasema imeisha, kumbe sauti haikwenda na yeye... hata Kinya, yule mwalimu wa nasari aliyekaa hapa na Mwiti kabla ya Kaari, alikuwa anaitwa na sauti hiyo hiyo, “Kinya, kuja kidogo”, kesho yake kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka masikioni, ananiambia nimeanguka bafuni, mami, bafu gani hiyo inaangusha mtu mmoja kila mara, na asubuhi moja akaenda kwao, hata sufuria zake hajawahi kurudi kuchukua, watu wakasema hana subira, na mimi nikabaki na Mwiti wangu, wawili tu, na kidole hiki hakikunjuki tangu viazi vilipovunwa, chakula kilikuwa baridi, ni hilo tu, chakula kilikuwa baridi na mlango ulikuwa karibu, nikaambia watu nimekanyagwa na ng'ombe... Kaari alipokuja Krismasi alikishika, akauliza, “Ng'ombe gani, mami?” nikamwambia yule tuliuza, akaniangalia, akachukua kisu mkononi mwangu akamenya ndizi zote yeye mwenyewe, mtoto wa watu, mikono yake imeota sugu za kuchuma chai na bado ni mwepesi wa kucheka, nampenda, kweli nampenda, ndiyo maana nimefunga na kuomba aje haraka... aje haraka kwa nini... sema, hapa jikoni hakuna mtu wa kukusikia, aje haraka kwa nini... ili chakula baridi kiwe chake. Yesu wangu. Hilo ndilo ombi langu lote, kila alfajiri kwa magoti, nalia, naliita baraka, nimeagiza asali mpaka Siakago, nimechemsha, nimechuja, nimehamisha, sasa najazia mpaka juu, ili mwingine aitwe kuja kidogo badala yangu.

“Si umeona ilikuwa rahisi,” anamwambia huko nje, “mimi nakupenda, ndiyo maana nauliza” ... na nisipomimina, tuseme nisipomimina, hii nafasi ikae hivi, moto wa jikoni huu, hewa, mwisho wa mwezi itakuwa siki kali, wazee wetu huonja kabla mtungi haujatoka boma, na siki haipelekwi kwa wakwe, hiyo ni aibu hakuna mzee wa hapa ataibeba, wataahirisha, asali nyingine ni mpaka mvua ipite na nyuki wajaze mizinga, na kwa huo muda mguu wangu unafika Kibugu, nakaa na Kaari kwa kiti, namwambia ng'ombe gani... lakini Mwiti atajua, atajuaje asijue, mtungi huu hakuna mwingine anaushika, na nyumba bado itakuwa na mimi peke yangu, naogopa, acha niseme ukweli, mtoto nilimnyonyesha mwenyewe na namwogopa kama simba... amekata simu, nasikia viatu vyake, vimesimama hapo nje ya mlango, haingii.

“Mathe,” ananiita mimi mamake, laini tena, asali tupu, “hiyo kitu imejaa?”

“Imejaa,” namwambia, na jagi liko palepale mkononi juu ya mdomo wa mtungi, halijatoa hata tone.